Glavu Haioshi Mikono: Niliyojifunza Wodini Wakati wa Korona

Mimi ni muuguzi wa kuzuia na kudhibiti maambukizi katika hospitali moja ya Nairobi, na nilikuwa nikiifanya kazi hii kwa miaka kadhaa kabla ya korona kuingia nchini. Ni kazi ya kupita wodini na fomu ya ukaguzi mkononi, kutazama nani ametakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na nani hakutakasa, kuuliza mpira wa mkojo wa mgonjwa fulani umekaa siku ngapi na kwa nini haujatolewa, kusoma majibu ya maabara nikitafuta yanayofanana, na kuhakikisha kwamba dawa ya klorini imechanganywa asubuhi ya leo wala si ya juzi. Mwaka 2020 kazi hiyo, ambayo awali ilitengewa dakika chache mwishoni mwa kikao, ilipanda ikawa ajenda ya kwanza. Naandika haya kwa sababu kuna jambo moja nililolisadiki katika miaka ile, nalo linaniuma hadi leo: wakati ambapo hospitali zetu zilizungumza kuhusu maambukizi kuliko wakati mwingine wowote, mgonjwa aliyelala kitandani alikingwa vibaya zaidi dhidi ya vimelea vya zamani, kwa kuwa karibu kila hatua tuliyoichukua ilimlenga mhudumu na kumsahau mgonjwa.

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo, wala hayakuwa yakiatamia mwilini mwake siku alipolazwa. Kwa kawaida tunayahesabu yanapojitokeza baada ya saa 48 tangu kulazwa. Huingia kwa njia tunazozifungua sisi wenyewe kwa nia ya kuponya: kanula ya dripu, mrija wa mshipa mkubwa wa shingoni, mpira wa mkojo, mrija wa mashine ya kupumulia, kidonda cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja la aina hii, ilhali katika nchi tajiri ni 7, na kwamba mtu mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hufariki. Majina ya vimelea vyenyewe anayafahamu kila anayesoma majibu ya maabara: Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas, na Staphylococcus aliye sugu kwa dawa ya methisilini. Havikuwahi kutangazwa kwenye taarifa ya habari ya jioni, wala hapakuwa na mwanahabari aliyesimama langoni kuuliza vimewaua wangapi wiki hiyo.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na wiki hizo za mwanzo hofu ilikuwa na haki yake. Barakoa zilipanda bei hadi zikawa zinafungiwa kabatini na kutolewa kwa kutia saini, mpaka viwanda vya ndani kama kile cha kaunti ya Kitui vilipoanza kuzishona kwa wingi. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa, na zamu zetu zikabidi kupangwa upya ili wahudumu wawahi matatu. Wenzetu wengine walikuwa wakivua viatu nje ya mlango na kuoga kabla ya kuwagusa watoto wao. Wengine walihama nyumbani kabisa. Mwezi wa Julai mwaka huo ugonjwa huo ulimuua daktari wa kwanza nchini Kenya, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu katika hospitali yetu ambaye hakujiuliza kama zamu yake ingemrudisha nyumbani salama. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba ninawalaumu wauguzi na madaktari kwa yale nitakayoyaeleza. Mtu anayeogopa kufa hujikinga kwanza, na hospitali ndiyo iliyopaswa kumpangia namna ya kujikinga yeye bila kumsahau mgonjwa.

Tatizo lilijidhihirisha kwanza kwenye glavu. Kabla ya korona, glavu zilivaliwa kwa kazi maalumu: kutoa damu, kusafisha kidonda, kubadilisha nepi ya mgonjwa asiyejiweza. Kazi ikiisha zilivuliwa, mikono ikatakaswa, na muuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Katika wodi ya korona mambo yalibadilika. Mhudumu alivaa mavazi kamili ya kujikinga chumbani pa kubadilishia, akavaa jozi mbili za glavu, ya ndani na ya nje, kisha akaingia na kukaa humo kwa saa kadhaa, kwa kuwa kuvua na kuvaa upya kulikula muda na kulimaliza vifaa ambavyo havikuwa vya kutosha. Humo ndani alikwenda kitanda hadi kitanda na glavu zilezile. Wengine walizipulizia sanitaiza kati ya mgonjwa na mgonjwa wakiamini kwamba inatosha, ilhali glavu hazikutengenezwa kwa ajili ya kutakaswa hivyo: alkoholi inayorudiwarudiwa huidhoofisha malighafi yake, na mikunjo na vitundu visivyoonekana hubaki na uchafu.

Shirika la Afya Duniani linafundisha nyakati tano za kutakasa mikono, nazo ni kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribia damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Nilipotazama kwa makini ukaguzi wetu wa miezi ile niliona kwamba nyakati tatu za mwisho, zinazomkinga mhudumu na wodi, zilitekelezwa kwa bidii kuliko awali. Mbili za kwanza, ambazo ndizo zinazomkinga mgonjwa, ziliporomoka. Muuguzi alikuwa akiugusa mrija wa shingoni wa mgonjwa mahututi kwa glavu iliyokuwa imetoka kugusa reli ya kitanda cha jirani, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa umefunikwa na alijihisi msafi. Ngozi ikichafuka mtu huhisi unyevu au kunata, akatafuta maji. Aliyevaa glavu hahisi kitu.

Haya hayakuwa ya Nairobi peke yake, na yangeweza kutabirika. Katika mlipuko wa mwaka 2003 wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii moja na cha korona, chumba kimoja cha wagonjwa mahututi huko Hong Kong kiliwaamuru wahudumu wote wavae glavu na gauni muda wote. Kiwango cha wagonjwa waliopata Staphylococcus sugu humo ndani kilipanda kutoka takriban asilimia 3.5 kabla ya mlipuko hadi takriban asilimia 25 wakati wa mlipuko. Utafiti huo ulichapishwa mwaka uliofuata, yaani miaka 16 kabla ya korona kutufikia. Marekani nayo, yenye fedha na maabara tusizokuwa nazo, ilikuta kwamba maambukizi ya damu yanayotokana na mirija ya mishipa mikubwa yaliongezeka kwa asilimia 47 katika robo ya mwisho ya mwaka 2020 yakilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka 2019, baada ya miaka ya kupungua. Nilipoyasoma hayo sikufarijika hata kidogo. Niliona kwamba somo hili lilikuwa limekwisha kulipiwa kwa maisha ya watu wengine, na sisi tukalilipia tena.

Kwetu ishara ilitoka maabara. Katika kipindi kimoja cha mwaka 2021, majibu ya vimelea vilivyooteshwa kutoka kwenye damu ya wagonjwa yalianza kufanana: Klebsiella ileile, isiyosikia dawa zilezile, katika vitanda vilivyopakana. Mtu anapoyaona majibu kama hayo, hatua ya kwanza ni kuchora ramani ya wodi na kuandika nani alilala wapi, lini, nani alimhudumia na kifaa gani kilipita kwake. Tulianza kwa kuwashuku watu, kama ilivyo desturi, lakini ramani ilituonyesha vitu. Kulikuwa na kipimo kidogo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni, ambacho kabla ya korona kilitumika mara chache kwa siku na sasa kilikuwa kikihama kidole hadi kidole saa zote bila kufutwa. Kulikuwa na toroli ya dawa iliyosukumwa hadi ubavuni mwa kila kitanda. Na kulikuwa na chupa za maji za oksijeni.

Chupa hizi nitazieleza kidogo, kwa kuwa nadhani hospitali nyingi bado hazijazitupia macho. Oksijeni inayotoka ukutani au kwenye mtungi ni kavu, kwa hiyo hupitishwa kwenye chupa yenye maji ili ipate unyevunyevu kabla ya kuingia puani. Maji hayo yanatakiwa yawe yaliyotakaswa kabisa, na chupa ioshwe, itakaswe na ikaushwe kabla ya kupewa mgonjwa mwingine. Wodi iliyokuwa na wagonjwa wachache wa oksijeni iliweza kufuata utaratibu huo. Kila kitanda kilipokuwa kinahitaji oksijeni, maji yalipopungua yaliongezwa tu juu ya yale ya zamani, na usiku maji yaliyotakaswa yalipokwisha, ya bomba ndiyo yaliyotumika. Pseudomonas hupenda maji yaliyotuama ya namna hiyo. Tukawa tunampulizia mgonjwa mwenye mapafu yaliyoumia hewa iliyopita kwenye maji machafu, tukidhani tunamwokoa, na kweli kwa upande mmoja tulikuwa tukimwokoa.

Aliyenifumbua macho zaidi katika uchunguzi ule ni mama mmoja wa usafi, mwenye umri wa mama yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika wodi hiyo kabla mimi sijaajiriwa. Nilimwomba anipitishe kitanda kimoja na kunionyesha anachokipanguza na asichokipanguza.

“Sista, sakafu napiga deki mara tatu kwa siku, na hii meza naipanguza,” aliniambia. “Lakini hii mashine na hizi nyaya tuliambiwa tusiguse, ni za wauguzi. Nao wauguzi wanajua usafi ni wetu.”

“Kwa hiyo mama, nani anazipanguza?”

“Hakuna mtu, sista. Na hujawahi kuniuliza.”

Mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi ulikuwapo, wa kwetu hospitalini ulikuwapo, na yote miwili ilisema vifaa visafishwe. Hakuna mahali palipoandikwa kwa jina la kazi ni nani, kwa dawa gani na saa ngapi. Tulipoketi pamoja, wahudumu wa usafi na wauguzi katika meza moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika katika hospitali yetu, orodha ya vitu visivyo na mwenyewe ilijaa ukurasa: kitufe cha kuinulia kitanda, pazia, kamba ya taa, mkanda wa kupimia shinikizo la damu, kibodi ya kompyuta ya wodi. Kila kimoja kilipewa mtu wa kukisafisha.

Mama huyohuyo alijua hesabu ya jiki kuliko baadhi ya wasimamizi wake. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5 inatoa dawa ya asilimia 0.5, ya kutumia palipomwagika damu, kwa kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji. Kwa kupanguza meza, reli na vitu vingine vya kawaida asilimia 0.1 inatosha, yaani kipimo kimoja kwa vipimo 34. Ikiandikwa namba nyingine kwenye chupa, hesabu nayo hubadilika. Inachanganywa kila siku kwa sababu klorini hupotea, na mahali penye damu au makohozi huoshwa kwanza kwa sabuni na maji, la sivyo nguvu ya dawa huishia kwenye uchafu kabla haijavifikia vimelea. Katika mwaka 2020 fedha nyingi za mji huu zilitumika kwa kupuliza dawa: mitaani, sokoni, kwenye vibanda ambavyo mtu alipita akanyunyiziwa nguo na uso. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwezi Mei mwaka huo kwamba watu wasinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote, na kwamba hata ndani ya majengo kupulizia dawa sakafu, kuta na vitu si njia inayopendekezwa, kwa kuwa dawa haifiki penye kivuli wala haiondoi uchafu. Hata hivyo, kila mara mgonjwa alipofariki wodini niliulizwa lini tutaleta watu wa kupuliza. Wanaume wenye mitungi mgongoni huonekana. Mama mwenye kitambaa kibichi anayepanguza reli ya kitanda haonekani, na ndiye aliyekuwa akiokoa watu.

Maji ni jambo ambalo mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Mji unategemea sana bwawa la Ndakaini, na mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha yetu kwa miaka. Hospitali yenye matangi makubwa huhimili siku chache, kisha huanza kutafuta maboza. Ndiyo maana sanitaiza ya alkoholi ilikuwa na thamani kuliko beseni la kunawia, na kuna fomula ya Shirika la Afya Duniani ambayo duka la dawa la hospitali linaweza kuitengeneza lenyewe kwa ethanoli, gliseroli, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa. Kilichonihuzunisha ni mahali zilipowekwa. Chupa zilijaa langoni, kwenye ofisi za utawala, kwenye dirisha la malipo na kando ya lifti. Miguuni pa kitanda cha mgonjwa, ambapo mkono wa muuguzi unaihitaji kila dakika chache, kulikuwa na chupa moja kwa vitanda vinne, na mara nyingi ilikuwa tupu kwa sababu kujaza hakukuwa zamu ya mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine zilizoongeza mzigo, na si zote zilikuwa mikononi mwetu. Dexamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini, ambayo tangu Juni 2020 ilijulikana kupunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa takriban theluthi moja, ilikuwa baraka kubwa, lakini pia hupunguza uwezo wa mwili kupambana na vimelea vingine. Wagonjwa mahututi walilazwa kifudifudi kwa saa nyingi ili mapafu yapate hewa, na bandeji ya mrija wa shingoni ikawa imefichika chini ya shavu, haionekani wala haibadilishwi kwa wakati. Viuavijasumu vilitolewa kwa karibu kila aliyelazwa ingawa korona husababishwa na kirusi na ni wachache tu waliofika na maambukizi ya bakteria. Kila dozi isiyo ya lazima iliviua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Kisha Desemba 2020 wauguzi katika hospitali za umma waligoma, wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima, madai ambayo mimi niliyaona kuwa ya haki. Waliobaki kazini katika hospitali kama yetu walibeba wagonjwa zaidi ya uwezo wao. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi mno huacha kwanza yale ambayo hakuna atakayeyaona yameachwa.

Jamaa walipozuiwa kuingia wodini tulipoteza pia mikono ambayo hatukuwahi kuihesabu. Ni mke, dada au mtoto ambaye katika hospitali zetu humgeuza mgonjwa, humsugua mgongo, humsafisha kinywa na kumlisha. Walipoondoka, vidonda vya mgongoni viliongezeka, na kinywa kisichosafishwa ni chanzo cha nimonia kwa mgonjwa aliyelala muda mrefu. Waliporudi, sisi tuliokuwa tumezoea kuwaona kama wabebaji wa uchafu tuliamua kuwafundisha. Mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe alinifuata korido baada ya mafunzo na kuniuliza, kwa upole sana, kama angeruhusiwa kumkumbusha daktari kutakasa mikono. Nilimjibu, “Mzee, ana haki mama huyo, na wewe ndiwe mdomo wake.” Alimkumbusha asubuhi iliyofuata, na daktari alimshukuru, ingawa najua wengine wasingemshukuru.

Baada ya hapo tulibadilisha fomu ya ukaguzi. Muuguzi au daktari anayefika kitandani akiwa tayari amevaa glavu alizotoka nazo kwingine huandikwa kuwa amekosa kutakasa mikono, hata kama glavu ni mpya machoni. Mwanzoni palikuwa na malalamiko makali, kwa kuwa alama za wodi kadhaa zilishuka sana katika mwezi wa kwanza, na msimamizi mmoja aliniambia kwamba ninawavunja moyo watu waliokwisha kuchoka. Nilimwelewa, lakini sikuirudisha fomu ya zamani. Badala yake tuliomba uongozi utununulie kitu ambacho si cha bei kubwa: chupa ya sanitaiza kwa kila kitanda, iliyofungwa kwa chuma ili isitembee, na mtu wa zamu wa kuijaza ambaye jina la kazi yake limeandikwa ubaoni. Kipimo cha oksijeni nacho kimefungiwa pakiti ya vitambaa vya kupangusia kwenye toroli hiyohiyo, na chupa za maji za oksijeni zina kibandiko cha tarehe.

Matokeo ya kila wodi sasa yanabandikwa mlangoni, upande wa nje, mahali ambapo jamaa wanasimama wakisubiri saa ya kuwaona wagonjwa, nao huyasoma na huuliza maswali. Karatasi hubadilishwa kila mwezi, na mwezi ambao matokeo ni mabaya hubandikwa vilevile.